Uzi maalumu: Kutafuta mababu wa Kiskoti waliohamia ng'ambo. Anzia alipozikwa mtu

MwanaPangani #1

Wakuu, salaam. Nipo Melbourne, Australia, na ukoo wa mume wangu upande wa baba ni Waskoti waliohamia huku katikati ya karne ya 19. Wanangu wanaujua ukoo wangu wa Pangani kwa kuhesabu, fulani bin fulani, kwa sababu bibi zao waliwakalisha mkekani wakawafundisha. Upande wa baba yao walikuwa na sentensi moja tu: "Tumetoka Uskoti." Nikaingia kazini, na leo tunajua parokia, kitongoji, na hata ndugu waliobaki nyuma. Najua humu mko wengi mliooa au kuolewa na watu wa asili hiyo, na wengine mna babu Mskoti aliyekuja Afrika Mashariki enzi za mkoloni. Nawawekea njia niliyopita.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: anza pale mtu alipozikwa, si pale unapodhani alizaliwa. Wengi wakipata hamu hukimbilia ScotlandsPeople, tovuti ya serikali ya Uskoti, wanaandika Donald MacDonald, yanamwagika majina yasiyo na idadi, wanafunga kompyuta. Tovuti ni nzuri sana, tatizo ni kwamba wameingia bila parokia. Serikali ya kule ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855. Kabla ya hapo kuna rejista za Kanisa la Uskoti, parokia zaidi ya 900, ya zamani kuliko zote ikiwa ya Errol, inayoanza 1553. Aliyeondoka kabla ya 1855 hana cheti kule. Ana mstari mmoja wa ubatizo, ukibahatika, kwenye kitabu cha parokia moja kati ya hizo zote. Na jina la parokia hiyo mara nyingi liliandikwa ng'ambo: kwenye cheti cha kifo, jiwe la kaburi, Biblia ya familia, tangazo la msiba gazetini.

Hapa Victoria, jimbo lenye Melbourne, uandikishaji ulianza 1853, na cheti cha kifo cha wakati ule ni hazina. Kina jina la baba na kazi yake, jina la mama pamoja na jina la kwao kabla ya kuolewa, mahali alipozaliwa marehemu, amekaa miaka mingapi katika makoloni ya Australia, alifunga ndoa wapi, na nani, akiwa na umri gani, halafu watoto wote na umri wao. Cheti cha England (si cha Uskoti) cha miaka hiyo hiyo kwa mtu mzima hakitaji hata wazazi.

Cheti cha babu mkuu wa mume wangu ni cha 1884. Kwenye safu ya mahali alipozaliwa karani ameandika "Kilmuir, Isle of Skye", wino umefifia lakini unasomeka, na pembeni yake: miaka 31 Victoria. Toa 31 kwenye 1884, inabaki 1853. Kwa karatasi moja nikawa na kisiwa, parokia na mwaka wa meli.

Sasa angalieni sana safu ya mtoa taarifa. Marehemu hajazi cheti chake mwenyewe. Akijaza mke au mtoto mkubwa, maneno yana uzito. Akijaza jirani, utakuta "Scotland" basi, au jina la mama limekosewa. Ndiyo maana msiridhike na cheti cha babu yenu peke yake. Tafuteni vyeti vya ndugu zake wote waliokuja naye, dada zake hasa, maana kati ya wote hao kuna mmoja ambaye karatasi yake ilijazwa na mtu anayejua.

Naendelea baadaye, kuna habari ya meli.

Mshumaa #2

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Shusha nondo dada.

Jabali la Usambara #3

Kwa heshima zote mtoa mada. Sisi wenyewe wengi hatujui babu wa nne aliitwa nani. Haya ya Waskoti yanatuhusu nini?

MwanaPangani #4

Kaka Jabali, swali lako ni halali na nalijibu kwa moyo mmoja. Kwanza wanangu ni Waswahili na ni Waskoti, na siwezi kuwapa nusu ya nasaba nikasema nusu nyingine haituhusu.

Pili, nilipowajua watu hawa nilikuta historia ambayo mtu yeyote aliyewahi kuhamishwa kwenye ardhi ya babu zake ataielewa. Sutherland, kaskazini ya Uskoti, mwaka 1814, familia za bonde la Strathnaver zilitolewa majumbani ili ardhi iwe malisho ya kondoo. Msimamizi aliyeongoza kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa Inverness 1816, akaachiwa huru. Halafu 1846 ugonjwa wa viazi ukaingia nyanda za juu na visiwani, ambako viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Mwaka 1851 Kanali John Gordon wa Cluny, mwenye ardhi ya South Uist na Barra, alipakia wapangaji wake zaidi ya 1,500 melini kuelekea Quebec. Wengi walizungumza Kigaeli tu, lugha yao ya asili, na hawakujua kusoma. Mtu wa aina hiyo haachi kumbukumbu zake mwenyewe. Anaandikwa na karani, nahodha, mchungaji au mkwe wake, na usipomtafuta kwenye karatasi za hao, amepotea.

Na nisifiche upande wa pili. Ardhi waliyokuja kulima huku Victoria ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao waliondolewa kama wao walivyoondolewa. Wanangu nimewaambia yote mawili.

Jabali la Usambara #5

Umenijibu vizuri dada. Endelea, nafuatilia.

MwanaPangani #6

Habari ya meli. Mwaka 1852 iliundwa Highland and Island Emigration Society, jumuiya ya kuwasafirisha watu wa visiwani na nyanda za juu kwenda Australia. Viongozi wake walikuwa Sir John McNeill na Sir Charles Trevelyan. Mpaka 1857 ilikuwa imesafirisha karibu watu 5,000. Masharti yake yanamsaidia sana mtafiti, kwa sababu ilitaka familia ziende nzima nzima. Kwa hiyo orodha zao, ambazo zimehifadhiwa Edinburgh katika Nyaraka za Taifa za Uskoti, zinaonyesha baba, mama na watoto pamoja, umri wao, kitongoji walichotoka, na pengine maelezo ya hali zao. Huku Melbourne nako, ofisi ya kumbukumbu za serikali ya Victoria ina faharasa ya wahamiaji waliolipiwa nauli, kuanzia 1839 hadi 1871, na unaitafuta bure mtandaoni. Rejista zenyewe za wahamiaji hao zinaweza kukupa dini, kama mtu alijua kusoma na kuandika, na tajiri aliyemwajiri alipotua.

Mzisome orodha hizo mbili pamoja, ya kuondokea na ya kufikia. Watoto wanne wakipanda na wakashuka watatu, umejua lililotokea baharini bila kuambiwa na mtu. Na kuna meli ambazo abiria wake waligawanywa. Hercules iliondoka Campbeltown mwishoni mwa Desemba 1852 na watu zaidi ya 700 kutoka Skye, Harris na North Uist. Ndui na homa ya taifasi vikazuka, meli ikazuiwa Ireland, na abiria wengi wakahamishiwa meli nyingine mbalimbali. Kuna familia ziliagana pale zikaja kutua Australia kwa meli tofauti. Ukikuta mtoto amefika bila wazazi, usiseme si wenu. Tafuta kwanza kama walipitia Hercules.

Baada ya meli ndipo nikavuka kwenda Uskoti, nikiwa na parokia, mwaka, na majina ya wazazi. Sensa ya 1851 ilifanyika 30 Machi, kwa hiyo waliosafiri 1852 na 1853 wote walihesabiwa wakiwa bado nyumbani. Nikawakuta Kilmuir, baba, mama, watoto, kwa mpangilio ule ule wa orodha ya meli. Rudi pia 1841, ila jihadhari: mwaka huo umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano. Mtu wa miaka 39 anaandikwa 35. Wengi wamemtupa babu halali kwa sababu hiyo.

Ubatizo wa yule babu mkuu sikuupata, na msishangae mkiukosa. Rejista za Skye zinaanza mwanzoni mwa karne ya 19, na wengi hawakuandikisha watoto. Zaidi ya hapo, 1843 Kanisa la Uskoti lilipasuka, na waliofuata Kanisa Huru hawamo kwenye vitabu vya kanisa mama.

Kilichonikamilishia ni dada yake aliyebaki. Alifariki Skye miaka ya 1870, na vyeti vya vifo vya Uskoti tangu 1855 vinataja baba na mama wa marehemu, mama kwa jina la kwao. Nikakiweka cheti cha Skye kando ya cheti cha Melbourne. Baba yule yule, kazi ile ile, mama yule yule, vimeandikwa na makarani wasiojuana, bahari mbili katikati. Siku hiyo nilimwita mume wangu aje asome kwa sauti.

Nyambura wa Halifax #7

Dada asante sana. Mimi ni Mkenya, niko Nova Scotia, Kanada, na mama mkwe wangu ni wa hawa Waskoti wa kisiwa cha Cape Breton. Naongeza ya huku kwetu.

Huku Waskoti walifika mapema, kwa hiyo njia ya vyeti ina mashimo. Meli Hector ilishusha watu Pictou mwaka 1773, miaka 82 kabla ya uandikishaji wa serikali Uskoti. Nova Scotia yenyewe iliandikisha vizazi na vifo 1864 mpaka 1877, ikaacha, ikaanza tena 1908. Mtu aliyezaliwa au kufa katikati hapo hana cheti. Ndoa hazikukatika, na rekodi ya ndoa inataja wazazi na mahali bwana na bibi harusi walipozaliwa. Hifadhi ya nyaraka ya mkoa imeziweka zote mtandaoni, picha yenyewe, bila malipo. Kwa pengo lile tumia sensa ya 1901, ambayo iliuliza tarehe kamili ya kuzaliwa na mwaka wa kuingia nchini. Magazeti pia. The Casket la Antigonish lilianza 1852, na tanzia zake zinakueleza marehemu ni wa ukoo gani na babu zake walitoka kisiwa gani.

Lakini huku jiwe ndilo mwalimu. Watu hawa waliandika kwenye makaburi mahali walipotoka: mzaliwa wa Barra, mzaliwa wa South Uist, mzaliwa wa Lochaber. Mke anaandikwa kwa jina la kwao ingawa amelala kando ya mumewe. Ukienda makaburini nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, mwanga ukipiga kutoka ubavuni maandishi yanainuka. Saa sita mchana huoni kitu. Na tafadhali msipake chaki wala msisugue kwa brashi ya waya, mawe yale ni laini na yanaliwa.

MwanaPangani #8

Nyambura, ubarikiwe. Hilo la jina la mke ni muhimu kuliko linavyoonekana. Uskoti mwanamke hakupoteza jina lake kwenye karatasi. Kwa sheria na kwa desturi aliendelea kuandikwa kwa jina la kwao, na jina la mumewe likawekwa pembeni. Alipofika Australia au Marekani makarani wakamwandika kwa jina la mume tu. Ukimtafuta Uskoti kwa jina la ndoa, unaweza kumkosa kabisa.

Mshumaa #9

Swali: shemeji yangu yupo Otago, New Zealand. Karatasi moja inasema bibi yake mkuu aliitwa Marion, nyingine Sarah. Babu ni Donald kwenye moja, Daniel kwenye nyingine. Ni watu wawili au wanne?

MwanaPangani #10

Inawezekana kabisa ni wawili tu. Nyumbani waliitana kwa Kigaeli. Mwanamke aliyeitwa Mór, karani mmoja alimwandika Marion, mwingine Sarah. Dòmhnall akawa Donald, na ng'ambo mara nyingi akawa Daniel. Oighrig utamkuta Effie, Euphemia, hata Henrietta. Usimkatae mtu kwa jina la kwanza. Pima kwa umri, mume, watoto na mahali.

Ila watoto walivyopewa majina ndiko kwenye msaada. Desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba. Wa kike wa kwanza la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama. Haikufuatwa na kila nyumba, kwa hiyo usiitumie kama ushahidi, itumie kujua pa kuchimba. Kwa New Zealand, vyeti vya vifo kuanzia 1876 vinataja wazazi, mahali alipozaliwa na miaka aliyokaa nchini. Omba hicho kwanza. Pia pitia Papers Past, magazeti ya zamani yaliyowekwa na Maktaba ya Taifa ya kule, ni bure. Otago ilianzishwa 1848 na watu wa Kanisa Huru la Uskoti waliokuja kwa meli John Wickliffe na Philip Laing, kwa hiyo vitabu vya kanisa vya Dunedin visikupite.

Mwambie pia shemeji asome vizuri neno Inverness. Skye, Harris, Uist na Barra zote zilikuwa kaunti ya Inverness, Lewis peke yake ikawa Ross. Mtu wa Barra akisema "Inverness" karani anaandika Inverness, na mjukuu anakwenda kutafuta mjini ambako babu hakuwahi kulala hata usiku mmoja. Vivyo hivyo Glasgow na Greenock, mara nyingi ni bandari waliyopandia tu.

Korogwe86 #11

Nimesoma uzi wote, na naandika kwa mara ya kwanza kuhusu jambo hili. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mskoti, msimamizi kwenye shamba la mkonge wilaya ya Korogwe miaka ya 1930 na 1940. Mama alizaliwa, babu akaondoka, hakurudi. Tuna jina lake la kwanza na la ukoo, na picha moja amesimama kando ya reli ya trola ya mkonge. Mama yuko hai, ana zaidi ya miaka 80. Kuna njia yoyote?

MwanaPangani #12

Kaka, ipo, na usichelewe kwa ajili ya mama.

Kwanza mkalishe mama umrekodi sauti. Usimuulize tarehe. Muulize mzee alikuwa na mbwa gani, alipokea barua kutoka wapi, alitaja mji gani, alikwenda kanisa lipi, nani walikuwa marafiki zake Wazungu. Jina la rafiki linaweza kukufikisha kuliko jina la babu.

Pili, meli. Uingereza ina orodha za abiria waliotoka, 1890 hadi 1960, na za walioingia, 1878 hadi 1960. Asili zake zipo kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, na picha zipo kwenye tovuti za kulipia. Tafuta wanaume wa jina lake waliopanda kuja Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Nyingi zinaonyesha umri, kazi na anwani ya mwisho Uingereza. Anwani ya mwisho mara nyingi ni ya wazazi wake au dada yake.

Tatu, mirathi. Mskoti aliyefia ng'ambo akiwa na mali Uskoti, mali hiyo ilibidi ithibitishwe mahakamani kule, na kwa kawaida ilipitia Edinburgh. Kuna vitabu vya kila mwaka kuanzia 1876 vinavyotaja marehemu, mahali na tarehe ya kifo, na nani aliyethibitishwa kusimamia mali.

Nyambura wa Halifax #13

Kaka Korogwe, pole na safari hii. Usiache Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Kenya, wengi wa mashamba ya Tanganyika walihamia Kenya baadaye. Matangazo ya mirathi yamo humo, na matoleo ya zamani yapo mtandaoni, unaandika jina na kutafuta. Na kama alijiunga na jeshi vita vya pili akafa, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola inataja mara nyingi wazazi wake na mji wao.

MwanaPangani #14

Na DNA. Kwa kuwa ni babu mzaa mama, kipimo cha kromosomu Y hakikusaidii wewe wala mama yako, kile kinapita kwa baba na mwanawe tu. Chukua kipimo cha kawaida cha ukoo mzima, na apimwe mama, siyo wewe. Yeye ana nusu ya babu, wewe una kama robo. Kipimo cha mama kitaonyesha watoto wa binamu ambao kwako wewe huenda wasitokee kabisa. Matokeo yakija, fungua yale yanayofanana naye upande wa Uskoti na uangalie wana parokia gani kwenye miti yao ya ukoo. Hata wahusika wakiwa Kanada au Australia, parokia ikijirudia kwa wengi wao, huenda hapo ndipo nyumbani kwa babu yako.

Ukimpata ndugu wa kwanza, andika barua fupi. Jitambulishe, taja jina la babu, shamba na miaka, ambatanisha nakala ya picha ile. Usidai chochote. Wengine hawajui kwamba mzee aliacha mtoto Afrika, wape muda wa kupokea. Na yaliyowahusu walio hai usiyaweke hapa.

Korogwe86 #15

Asanteni dada zangu. Nimemsomea mama ujumbe wenu. Nilipofika kwenye mbwa amecheka, akasema alikuwa mweusi, na kwamba mzee alipata barua kutoka kwa dada yake mwalimu, mji unaitwa Oban. Hilo hakuwahi kututajia. Jumamosi naenda kumrekodi, kisha naanza na orodha za meli kwa anwani ya Oban.

MwanaPangani #16

Oban ipo Argyll. Dada mwalimu ni bora kuliko babu mwenyewe: kama hakuolewa, jina halijabadilika popote. Mtafute kwenye sensa ya 1921, imeshafunguliwa ScotlandsPeople, na angalia nani mwingine yumo kwenye nyumba ile. Ukikwama kusoma mwandiko, weka picha ya mstari hapa tuusome pamoja.